Pete Hunasa Nuru, Metali Huamua Hatima Yake

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu wa kemia na baiolojia, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi ambao ndio wenye siku hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu. Nimeombwa nizungumze juu ya misombo ambayo ndani yake atomu ya metali imekaa katikati ya molekuli yenye umbo la pete, na juu ya mwenendo wa misombo hiyo inapopigwa na mwanga. Maelezo hayo yanaweza kumtisha msikilizaji, lakini vitu vyenyewe mnavyo nyumbani: ndivyo vinavyoupa mchicha ukijani wake na damu wekundu wake, na ndiyo rangi ya samawati iliyo katika wino wa mashine za kuchapishia. Jambo ninalotaka mlione leo ni moja. Pete ndiyo inayonasa nuru, lakini yatakayotokea baada ya nuru kunaswa huamuliwa na metali iliyoketi katikati.

Tuanze na hizi glasi tatu zilizo mezani. Jana jioni nilitwanga fungu la mchicha, nikaloweka majani yaliyopondeka katika spiriti, kisha nikachuja. Glasi ya kwanza ina maji hayo ya kijani kama yalivyotoka. Naomba taa zizimwe kidogo. Hii ni tochi ya miali ya urujuanimno, ile ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti. Nikiielekeza kwenye glasi, mnaona wenyewe kwamba kimiminika cha kijani kinatoa mng'ao mwekundu kama kaa lililovuviwa. Klorofili imepokea miali ambayo macho yetu hayaioni vizuri, na sehemu ya nishati hiyo inairudisha ikiwa mwanga mwekundu.

Katika glasi ya pili nilitia siki. Asidi iliing'oa atomu ya magnesi iliyokuwa katikati ya pete ya klorofili na kuweka haidrojeni mbili mahali pake, na ukijani ukageuka kuwa rangi ya zeituni iliyokauka. Kila anayepika mboga za majani analijua badiliko hili, hata kama hajawahi kulipa jina la kikemia: ukitia nyanya au ndimu mapema na kufunika sufuria, mboga hupoteza ukijani wake, na wapo wapishi wanaotia magadi kidogo ili ubaki, kwa sababu magadi huzimua asidi inayotoka katika majani yenyewe. Nikimulika glasi hii, mng'ao mwekundu bado upo. Pete iliyobaki bila metali ingali inang'aa.

Glasi ya tatu ilianza kama ya pili, kisha nikaongeza chembe chache za mrututu, ule ule ambao wakulima wa kahawa wameujua kwa miaka mingi kama dawa ya magonjwa ya majani, na nikaipasha joto ndani ya bakuli la maji ya moto ya chupa ya chai. Nasisitiza kwa walimu kwamba pasitumike moto wa wazi, maana spiriti hushika moto haraka, na kwamba mrututu ni sumu, usiguswe na chakula. Shaba ya mrututu iliingia katikati ya pete, mahali palipoachwa na magnesi, na mnaona jinsi ukijani ulivyorudi, tena mkali kuliko ule wa kwanza. Viwanda vya chakula vinaitumia rangi ya namna hii, na kwenye vifungashio huandikwa E141. Sasa namulika. Hakuna kitu. Kimiminika ni kijani kibichi, kinafyonza mwanga wa tochi kama wenzake, lakini hakirudishi chochote ambacho jicho linaweza kukiona.

Glasi ya kwanza na ya tatu zina pete ambayo ni karibu ile ile. Rangi zake zinakaribiana mno, maana yake zinafyonza karibu mawimbi yale yale ya mwanga. Tofauti ni atomu moja katikati ya molekuli yenye atomu zaidi ya mia moja, na atomu hiyo moja imetosha kuzima mng'ao wote. Naomba taa ziwashwe.

Pete yenyewe imejengwaje? Chukueni pete ndogo nne za piroli, kila moja ikiwa na kaboni nne na naitrojeni moja, mziunganishe kwa madaraja manne ya kaboni hadi duara lifunge. Naitrojeni zote nne huelekea ndani, na kati yake hubaki nafasi inayotosha atomu moja ya metali. Jamii hii huitwa porfirini. Elektroni za vifungo maradufu, vinavyopishana na vifungo vya kawaida, hazimilikiwi na atomu yoyote. Huzunguka duara zima, na njia kuu ya mzunguko huo ina elektroni 18. Elektroni zenye uwanja mpana namna hiyo husisimshwa kwa nishati ndogo kuliko zile zilizobanwa kati ya atomu mbili, na ndiyo sababu porfirini hufyonza mwanga unaoonekana, wakati molekuli nyingi za kaboni hungoja urujuanimno.

Mwaka 1883 mwanasayansi wa Uswisi, Jacques-Louis Soret, aliona kwamba damu hufyonza kwa nguvu nyingi mwanga wa urujuani ulio karibu na nanomita 400, yaani sehemu 400 za bilioni moja za mita. Ufyonzaji huo bado unaitwa kwa jina lake. Mbali na huo, porfirini ina mikanda mingine iliyo hafifu zaidi, kati ya nanomita 500 na 650 hivi. Kwa nini mmoja uwe na nguvu kiasi hicho na mingine iwe dhaifu ni swali lililongoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Mmarekani Martin Gouterman alipoonyesha kwamba inatosha kuangalia obiti nne tu za pete, yaani makao ya elektroni: mbili za juu kabisa zenye elektroni na mbili za chini kabisa zilizo tupu. Miruko kati ya obiti hizo huchanganyika. Katika mchanganyiko mmoja huongezeana nguvu, na huo ndio mkanda wa Soret, na katika mwingine karibu hufutana, na hiyo ndiyo mikanda dhaifu. Mimi hulihesabu elezo hili kati ya mambo mazuri kuliko yote katika kemia ya karne ya 20, kwa kuwa lilichukua molekuli yenye elektroni nyingi kiasi hicho na kuifanya ieleweke kwa obiti nne.

Klorofili imekengeuka kidogo kutoka katika ulinganifu huo. Moja ya pete zake ndogo imepoteza kifungo maradufu kimoja, na kwa hiyo miruko haifutani tena vizuri. Mkanda mwekundu, ambao katika porfirini ya kawaida ni dhaifu, hupata nguvu kubwa. Klorofili a iliyoyeyushwa hufyonza sana karibu na nanomita 430 na tena karibu na 660, yaani samawati na nyekundu, na kijani huachwa kipite.

Sasa tufike kwenye hatima. Elektroni ikishapanda, iwe ilipigwa na miali ya samawati au nyekundu, ndani ya muda mfupi mno hushuka hadi ngazi ya chini ya msisimko na kungoja hapo. Ikiachwa bila kubughudhiwa hungoja kwa nanosekunde kadhaa, yaani sehemu chache za bilioni moja za sekunde. Kwetu huo si muda, lakini kwa molekuli ni muda mrefu. Katika kungoja huko inaweza kushuka kwa kutoa mwanga, au kumwaga nishati yake kama joto, au kumkabidhi jirani, au kugeuza spini yake, yaani mwelekeo wa usumaku wake mdogo, na kuingia katika hali iitwayo tripleti, ambako hukaa muda mrefu zaidi kwa sababu kurudi chini kunahitaji spini igeuzwe tena.

Magnesi ni metali tulivu. Ni nyepesi na haina elektroni za tabaka la d, hivyo haina ngazi zake za nishati za kuingilia kati ya pete na msisimko wake. Zinki nayo ni tulivu kwa sababu nyingine: tabaka lake la d limejaa elektroni zote kumi. Shaba ina tisa, na ile moja isiyo na mwenzake huivuruga pete mara moja, ikifungua milango ya joto ambayo katika magnesi imefungwa. Chuma kina nafasi nyingi zaidi zilizo wazi katika tabaka hilo, na msisimko wa pete yenye chuma huisha ndani ya pikosekunde chache au chini ya hapo. Pikosekunde ni sehemu moja ya elfu ya nanosekunde.

Mwanafunzi makini atauliza: kama klorofili inang'aa hivi katika glasi, mbona majani ya mchicha shambani hayang'ai? Yanang'aa, ila kidogo sana. Katika glasi, karibu theluthi moja ya nuru iliyonaswa hurudi kama mng'ao. Katika jani zima ni asilimia 1 au 2 tu. Ndani ya jani, klorofili zimepangwa karibu karibu, na kila moja humpasia jirani nishati yake kabla haijapata nafasi ya kung'aa, hadi ifike mahali ambapo elektroni inang'olewa na kazi ya kutengeneza sukari inaanza. Upasiaji huo unawezekana kwa sababu magnesi inauacha msisimko uishi nanosekunde zake. Jani ambalo pete zake zingekuwa na shaba lingekuwa kijani vile vile, na lingekufa njaa juani.

Damu ni kisa kingine kabisa. Pete ya damu huitwa hemu, na katikati ina chuma. Damu haing'ai hata ukiimulika kwa tochi gani. Lakini pete yake ikikosa chuma hung'aa vizuri sana, na uthibitisho wa hilo umo katika kapu la mayai. Chukueni yai lenye ganda la kahawia, ingieni chumba chenye giza, mlimulike kwa tochi hii, na ganda litatoa mng'ao mwekundu. Rangi ya ganda hilo ni porfirini ile ile ya damu, iliyowekwa na kuku bila metali.

Chuma cha hemu kina jambo jingine kinalofanya kwa nuru. Hewa ya sumu ya mkaa, monoksidi ya kaboni, ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, huua kwa kushika chuma hicho na kukikatalia oksijeni. Nuru ikipiga hemu iliyoshikwa hivyo, kiungo kati ya chuma na gesi hukatika. Mgonjwa hawezi kuponywa kwa njia hii, kwa kuwa mwanga haupenyi mwili wote. Dawa yake ni kumtoa nje haraka na kumpa oksijeni. Lakini Otto Warburg wa Ujerumani aliitumia tabia hiyo kwa ustadi wa ajabu katika miaka ya 1920. Alizuia upumuaji wa seli kwa monoksidi ya kaboni, akazimulika kwa rangi moja moja za mwanga, na kupima ni rangi ipi inayorudisha upumuaji kwa nguvu zaidi. Rangi hizo zilimchorea ramani ya ufyonzaji wa kimeng'enya ambacho hakuna aliyekuwa amekitenga, na ramani hiyo ilifanana na ya hemu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931.

Ndugu zangu, nataka nikae kidogo juu ya kitu ambacho naamini wahudumu wa afya na walimu wa baiolojia wangenufaika kukijua zaidi. Mwili hutengeneza hemu kwa hatua nyingi, na hatua ya mwisho kabisa ni kimeng'enya kuingiza chuma katikati ya pete. Mama mjamzito ambaye hapati chuma cha kutosha katika chakula, au mtoto ambaye minyoo inamnyonya damu, hufika hatua hiyo ya mwisho pete ikiwa tayari na chuma hakipo. Kimeng'enya hakingoji. Huchukua zinki na kuiweka mahali pa chuma. Pete hiyo yenye zinki haiwezi kubeba oksijeni, lakini hubaki ndani ya chembe nyekundu ya damu kwa maisha yake yote, ambayo ni siku 120 hivi. Na kwa kuwa zinki ni metali tulivu, pete hiyo hung'aa. Tone moja la damu likimulikwa kwa mwanga wa samawati wa karibu nanomita 420, pete zenye zinki hujibu kwa mng'ao wa karibu nanomita 595, na pete zenye chuma hukaa kimya. Kipo kifaa kidogo kinachopima mng'ao huo moja kwa moja katika tone la damu, bila dawa za maabara, na kinaweza kuonyesha kwamba chuma kinapungua hata kabla upungufu wa damu haujakomaa.

Mng'ao huo huo hupanda pia kwa mtu aliyeingiwa na metali ya risasi mwilini, kwa mfano aliyefanya kazi ya kuyeyusha betri kuukuu za magari, kwani risasi huvuruga uingizaji wa chuma. Kwa hiyo kipimo hakisemi peke yake kama tatizo ni lishe au ni sumu, na maambukizi ya muda mrefu nayo huweza kukipandisha. Daktari lazima apime zaidi. Hata hivyo, mimi huona ni jambo la kutia moyo kwamba tofauti kati ya zinki na chuma, ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu huikariri kama safu za jedwali la elementi, inaweza kusomwa katika damu ya mama aliyekaa kliniki.

Na ikiwa pete itakosa metali kabisa? Kuna watu wanaozaliwa na kimeng'enya kile kinachoingiza chuma kikiwa dhaifu, na pete tupu hurundikana katika damu na ngozi yao. Jua kwao ni maumivu makali. Pete tupu ikifyonza nuru huingia kwa wingi katika tripleti, na tripleti huipa oksijeni iliyo jirani nishati yake. Oksijeni hiyo iliyochangamka hushambulia kila kilicho karibu, mafuta na protini za seli. Daktari Mjerumani Friedrich Meyer-Betz alijidunga mwenyewe miligramu 200 za porfirini isiyo na metali mwaka 1912 ili aone itakuwaje. Alipotoka juani alivimba vibaya uso na mikono, na ngozi yake iliendelea kuogopa jua kwa wiki nyingi. Chuma kilicho katika hemu yetu, pamoja na kutubebea oksijeni, kinatulinda dhidi ya pete yetu wenyewe, kwa kuugeuza msisimko kuwa joto kabla haujadhuru. Kwa watu tunaoishi chini ya jua la ikweta, ulinzi huo una uzito wake.

Madaktari waligeuza hatari hiyo kuwa tiba ya saratani. Mgonjwa hupewa porfirini isiyo na metali, au malighafi ambayo seli za uvimbe huigeuza kuwa pete tupu haraka kuliko zinavyoweza kuitia chuma. Kisha mwanga mwekundu huelekezwa kwenye uvimbe pekee. Kanada iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hii mwaka 1993. Wapasuaji wa ubongo nao hutumia malighafi hiyo hiyo wakimulika kwa samawati, ili sehemu zenye saratani zing'ae nyekundu mbele ya macho yao na wajue mahali pa kukata.

Metali nzito kama paladi na platini hufanya jambo jingine, ambalo nitalitaja kwa ufupi. Uzito wa atomu yake hulainisha kanuni inayozuia spini isigeuke, hivyo karibu msisimko wote huvuka kwenda tripleti, na tripleti yenyewe huweza kutoa mwanga wake, taratibu, kwa makumi ya maikrosekunde au zaidi. Oksijeni huuzima mng'ao huo, kwa hiyo rangi yenye platini hupima oksijeni. Gouterman, yule yule wa obiti nne, alishiriki baadaye kutengeneza rangi ya namna hiyo inayopakwa kwenye mifano ya mabawa ya ndege, ili hewa inapopita ionekane, kwa wingi wa oksijeni yake, wapi shinikizo ni kubwa na wapi ni dogo.

Ipo pete jamaa ya porfirini ambayo viumbe hai hawaijui: ftalosianini. Badala ya madaraja ya kaboni ina madaraja ya naitrojeni, na kila pembe imeongezewa pete ya benzini. Mwaka 1928, katika kiwanda cha Grangemouth huko Uskoti, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza kitu kingine walikuta madoa ya rangi ya bahari ndani ya chombo. Utando wa kioo ulikuwa umepasuka, na chuma cha chombo kilikuwa kimeingia katika pete. Reginald Linstead wa London alifumbua muundo wake mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kuanzia 1935 ile yenye shaba iliuzwa kama rangi ya samawati isiyochujuka juani. Hapo mnamwona tena mhusika wa glasi ya tatu. Weka zinki au aluminiamu mahali pa shaba, na pete ile ile huwa mtengenezaji hodari wa oksijeni iliyochangamka, tena kwa mwanga mwekundu wa nanomita 670 hivi ambao hupenya nyama za mwili vizuri kuliko samawati.

Kazi ya kuzitengeneza pete hizi kwa ajili ya tiba ya saratani inafanyika katika bara letu. Profesa Tebello Nyokong alizaliwa Lesotho mwaka 1951, na utotoni siku zake za shule zilipishana na siku za kuchunga kondoo. Alijenga katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, maabara ya ftalosianini inayojulikana duniani kote, na mwaka 2009 alipokea tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi. Wasichana mliokaa mstari wa mbele, nimelitaja jina lake kwa makusudi.

Sina muda wa kueleza seli za jua zinazotumia porfirini ya zinki, ambazo mwaka 2014 ziligeuza asilimia 13 ya nuru kuwa umeme katika maabara ya Lausanne. Mwenye hamu anitafute baada ya hapa. Ninalotaka kumalizia ni glasi mbili zilizo pale dirishani. Niliziweka juani leo alfajiri, moja ikiwa na mchicha na spiriti tu, nyingine ikiwa na mchicha uliotiwa siki na mrututu. Ile ya kwanza sasa ni manjano hafifu, karibu kama maji, kwa sababu pete zilizoishi muda mrefu katika msisimko ziliichangamsha oksijeni, na oksijeni ikazila pete zenyewe. Ile yenye shaba ingali kijani. Spiriti imebaki, mchicha upo sokoni, na tochi nitaiacha kwa mwalimu wenu wa kemia.